Bendera Imekunjwa, Setilaiti Inasogea

Benchi letu liko nje ya duka la donati, mkabala na geti la kambi, hapa Colorado Springs, Marekani. Leo asubuhi Mama, Sajenti Tafoya, amekaa nasi na sare yake ya gwaride, kahawa mkononi, ofisi hana. Kikosi chake cha kuchunga setilaiti kimevunjwa sasa hivi: bendera imekunjwa, ikavishwa mfuko, watu wakapiga makofi. Kikosi kipya kitazinduliwa mchana, wakubwa wakishatua. Eti tunajipanga upya kukabili vitisho vipya. Kitisho chenyewe hakikungoja mchana: wiki nzima setilaiti ya mahasimu wetu inainyemelea yetu huko juu.

— Huo ni ujanja, akasema mzee tunayemwita Kanali, ingawa maisha yake yote aliuza bima. Adui akitafuta kikosi, hakioni.

— Hata sisi hatukioni, nikamwambia.

— Binti, kunywa kahawa.

— Tatizo beji, akadakia Rada, mstaafu wa humo kambini. Ya zamani ilikuwa na bundi. Hii mpya ina kobe. Kobe anaona nini angani?

— Ana gamba, bwana. Watazivisha setilaiti magamba.

— Nani atapanda kuzivisha? Wewe na goti lako hilo?

— Wana roketi. Goti la nini?

Nikamgeukia Mama.

— Wamekwambia utakaa wapi?

— Wamesema nisubiri.

— Vijana wote wale umewafundisha wewe, leo unasubiri kama mgeni?

— Punguza sauti. Hapa si kwenye mdahalo wenu chuoni.

Ndipo Brannock, kijana wa zamu, akavuka barabara, macho mekundu.

— Samahani, afande. Zamu yangu imekwisha. Mwenzangu nimemwacha kwenye skrini, naye anasinzia. Ile setilaiti imesogea tena.

— Kabidhi kikosi kipya, akasema Kanali.

— Hakijazaliwa, mzee.

— Basi cha zamani.

— Kimekunjwa.

— Mna makao makuu, akasema Rada.

— Nimepiga simu. Wako kwenye keki ya sherehe.

Brannock akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa namkabidhi nani?

Rada akaikagua donati yake. Kanali akanywa kahawa.

Mama akanipa kikombe chake.

— Shika. Wakiniulizia mchana, waambie niko kazini.

— Kikosi gani? akauliza Kanali.

Mama alikuwa amekwishavuka barabara.