Vikombe vya Sista Tutaonana

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Muuguzi Kiongozi wa wodi yetu ya matibabu ya uraibu anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Wagonjwa humwita Sista Tutaonana, kwa kuwa hajawahi kumwambia mtu kwaheri. Mmoja aliyekuwa akiruhusiwa kwenda nyumbani alimlalamikia, jamani Sista, ina maana unaniombea nirudi? Akamjibu kwamba hata chai tu mtu hurudi kuinywa, na kikombe chake anakijua.

Kikombe si mzaha. Kila anayelazwa hupewa cha bati chenye jina lake, kikatundikwa kwenye msumari katika ukuta wa chumba cha chakula. Mwenyewe akitoka, kinabaki. Utaratibu huo ni wa Sista, naye chake kiko papo hapo ukutani.

Alipoanza kazi, wodi ilikuwa stoo nyuma ya chumba cha kufulia, na mlangoni pameandikwa MATEJA, jina la dharau kwa watumiaji wa dawa za kulevya. Aliyakwangua maandishi yale kwa kisu cha jikoni, mchana kweupe, mganga mkuu akimtazama. Hawa ni wagonjwa, alisema, na wagonjwa wana majina. Arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa ulizozizoea, hakuruhusu iitwe kujidekeza. Neno "amefeli" alilipiga marufuku kabisa. Aliyeonja mara moja ameteleza, na kuteleza si kuanguka. Aliyezama tena amerudia, naye hurudishwa kitandani, hafukuzwi.

Sasa niacheni niseme, maana limenikaa kooni. Wiki iliyopita ofisi ya utawala iliamua ukuta upakwe rangi, na vikombe vya "waliofeli" vitupwe. Waliofeli! Yaani miaka yote hiyo mlikuwa mmetia pamba masikioni? Nilivikuta ndani ya gunia kando ya pipa la taka. Nikavibeba, mpishi akashika nyundo, tukavirudisha vyote rangi ikiwa bado mbichi. Ukuta una madoa na tumeitwa kujieleza. Tutajieleza, tena vizuri.

Jumatatu alirudi fundi wa kuchomelea mageti, yule aliyetoroka mwaka jana akitutukana mpaka nje. Aliletwa na dada yake, akitetemeka kwa arosto. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akisema hapa hana nafasi tena, bora waondoke. Kisha akakiona kikombe chake. Hakumuuliza mtu. Alikwenda akakitungua, akaketi. Dada yake alilia palepale.

Sista, asante kwa uvumilivu wako, na kwa ukali wako pia. Lala mpaka jua likuamshe, sasa ni zamu ya wajukuu kukuchosha. Tunakuombea uzee mtamu. Ila ujue kwamba ndani ya gunia lile nilikikuta na chako, eti kwa sababu unaondoka. Kiko kwenye msumari wake. Anayetaka kukitoa na aje, tupo zamu. Na kwaheri hatukuambii.