Sahihi ya Papa Honoré

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Komiseri wa Elimu,

MAKARIBISHO

Sisi walimu wa Institut Nyota ya Mulima, hapa Bukavu, tunakukaribisha. Tulikungoja tangu saa moja asubuhi, nawe umefika saa sita. Hatunung'uniki, ukombozi haufuati kengele ya shule. Tumewaona pia walinzi wako kumi na wanane, tukafarijika kuona jinsi mkombozi anavyojiamini mbele ya watu aliowakomboa.

HISTORIA FUPI

Mwezi wa nane mwaka jana, Harakati yako ilitoa Tamko la Ukombozi. Linaanza hivi: "Sisi, wakaaji wa Bukavu, kwa sauti moja na kwa hiari yetu, tumeamua." Maneno matamu kweli. Siku hiyo tulikuwa tumelala chini ya vitanda kwa sababu ya risasi, kwa hiyo tulifurahi kusikia kwenye redio kwamba tumeamua.

Mwaka huu ofisi yako ikaagiza shule zote zifundishe Tamko hilo kama mfano wa lugha yenye kushawishi. Kazi hiyo tulimpa Maman Colette, mwalimu wetu wa lugha kwa miaka kumi na sita.

MAFANIKIO

Maman Colette hakufanya mchezo. Aliandika sentensi ya kwanza ubaoni, akawauliza wanafunzi wa mwaka wa tano neno gani lina nguvu kuliko yote. Wengi walisema "tumeamua". Yeye akasema hapana, ni "sisi", kwa sababu msomaji akishajikuta ndani ya "sisi" anaona haya kutoka.

Bintu, msichana wa dawati la mbele, akainua mkono. "Maman, ile siku tuliamuaka, mi nilikuwaka wapi?"

Darasa likacheka. Maman Colette pia alicheka, Mheshimiwa, na tunakiri kosa hilo kwa niaba yake.

Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, penye majina ya "wenye hekima wa Bukavu waliosaini kwa moyo mweupe", akaanza kuyasoma kwa sauti. Jina la tisa lilikuwa la Honoré, mwalimu wa hesabu. Maman Colette aliweka kidole juu ya jina, akalisoma tena kimoyomoyo, akakaa kwenye kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa anafundisha.

Honoré alikuwa mume wake. Alipigwa risasi karibu na Sange, Oktoba 1996, akirudi kutoka Uvira. Tulimzika kwao Mudaka. Jeneza tulilibeba sisi wenyewe, na mvua ilikuwa inanyesha. Miaka miwili baadaye, kwa lugha ya Tamko lenu, akasaini.

SHIDA ZETU

Kesho yake Maman Colette alivaa kitenge chake cha misa, akaenda ofisi ya usalama. Mwenzetu Jeanine alimsindikiza, akasikia yote.

"Minaomba mutoe jina ya bwana yangu," Maman Colette alisema. "Alikufaka."

Afande Marcellin alimjibu kwa upole. "Maman, iko heshima kubwa. Watu bado wazima, hawajakufa, wanaomba kuingia humu, wanakosa."

"Basi mupatie hao heshima yake. Yeye mumuache apumzike."

Hapo upole ukaisha. Afande alimwambia kwamba anayegusa jina moja amegusa Tamko zima, na anayegusa Tamko ni adui. Alimfungia katika chumba cha nyuma. Leo ni siku ya ishirini na mbili. Kila siku Jeanine anampelekea ugali na mboga ya sombe. Mlinzi anaonja kwanza, bila shaka kwa kulinda afya yake.

Juma lililopita walimletea karatasi ya kusaini ili atoke. Ilisema: "Mume wangu alisaini kwa roho, maana roho yake ilikuwa pamoja na Harakati." Maman Colette aliomba kalamu. Wakafurahi. Akasahihisha makosa matano ya maandishi, akaipa karatasi alama mbili juu ya kumi, akairudisha.

Usiku tunasikia watoto wake watatu wakimwita, kwa kuwa wanalala kwetu kwa zamu. Tumewaambia mama yuko semina.

MAOMBI

Mheshimiwa, hatuombi madawati wala mabati. Tunaomba Maman Colette atoke leo, arudishwe hapa kwa hilo gari lako zuri, mitihani inaanza Jumatatu.

Kuhusu jina, sisi tulishaogopa, tukataka kuliacha. Lakini jana Jeanine alimuuliza kupitia dirisha tukuambie nini. Alifikiri kidogo, akajibu:

"Mumuambie, kama Honoré alisaini mwaka jana, basi iko muzima, na mi si mujane. Minaomba adresi yake. Nitaenda kumuchukua mwenyewe, hata kwa miguu."

Tumekuletea ombi lake kama alivyolisema, bila kulisahihisha.

Mungu akulinde barabarani, Mgeni rasmi. Na siku atakapoandika jina lako katika kitabu chake, akuulize kwanza.

Ni sisi, walimu wa Institut Nyota ya Mulima, Bukavu, Juni 1999. Tumesaini kumi na mmoja, wote tukiwa hai.

Imesomwa na mwalimu Télesphore.