Aristide Mashauri Aaga Chumba cha Risasi

Baada ya miaka kumi na miwili katika chumba cha majaribio ya risasi cha kampuni yetu ya ulinzi hapa Sundbyberg, Bwana Aristide Mashauri anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili 2013. Uongozi ulishamuaga kwa keki na hotuba ya Kiswidi. Leo tunamuaga sisi wafanyakazi tunaosema Kiswahili, na wasifu huu umeandikwa na Akeyo, aliyekuwa mlinzi wa kampuni hadi Januari 2009.

Aristide ni mzaliwa wa Uvira. Vita vilimfukuza kwao yeye na mkewe, Josiane, wakafika Stockholm na watoto wachanga ambao leo humjibu baba yao kwa Kiswidi. Aliajiriwa kufagia maganda ya risasi. Siku moja mpimaji aliugua, Aristide akapewa bastola, na watu wakaona kwamba mkono wake hautikisiki. Hakurudi tena kwenye ufagio; angalau hakurudi upesi.

Risasi za kulenga shabaha, tulizoiuzia klabu ya michezo, alizipenda. Alitaka zitue zimebanana kwenye karatasi na zisimrushe mpigaji mkono. Zikitawanyika, alitikisa kichwa na kusema, “Hizi ziligombana tangu nyumbani kwao.” Risasi za kujihami, walizobeba walinzi, zilimnyima raha. Hizo zina tundu kwenye ncha, na lazima zifunguke na kutanuka ndani ya mwili na kuishia humo, zisipite zikampata aliye nyuma. Alizipiga kwenye mabonge ya jelatini, laini kama nyama ya mwili, yaliyofunikwa nguo, kisha akayapasua kuona zimefika wapi. “Ya karatasi ikikosea, unapoteza alama,” alituambia. “Hii ikikosea, unapoteza mtu.”

Mwishoni mwa 2008 kampuni ilileta risasi mpya za walinzi. Zilifanya vizuri kwenye shati na kwenye koti jepesi. Aristide aliomba muda azijaribu kwenye makoti ya baridi, kwa kuwa alihofia pamba nzito itaziba tundu la ncha na kuizuia risasi kufunguka. Mkuu wa ununuzi alimjibu, “Nguo ni nguo. Saini, walinzi wanasubiri.” Aristide akasaini.

Januari iliyofuata, watu walivamia ghala tulilolinda Södertälje. Mmoja alimjia mwenzangu, Ladislaus, na shoka. Ladislaus akafyatua risasi moja, kama alivyofundishwa. Ilipenya koti nene la yule mtu, ikapita ubavuni mwake, ikaja kuvunja nyonga ya mlinzi aliyekuwa nyuma yake. Mlinzi huyo ndiye anayeandika. Mvamizi alipona, akatembea. Mimi natembea kwa gongo.

Uchunguzi ulipofanywa, kampuni ilisema mpimaji ndiye aliyeidhinisha. Basi. Mkuu wa ununuzi hakutajwa, na mwaka uliofuata alipandishwa cheo. Aristide hakumtaja pia. Alikuja hospitali, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

“Mi nilikuwa na mashaka, dada,” alisema, “na bado nilisaini.”

“Ondoka,” nilimwambia.

Aliondoka. Kesho yake alikuja tena, akaketi kwenye korido bila kuniita. Alifanya hivyo majira yote ya baridi, hadi nilipochoka kumchukia peke yangu nikamwambia aingie. Alinimenyea chungwa.

Kazini aligoma kusaini risasi yoyote ya kujihami ambayo haijapita kwenye koti la baridi. Wakamvua kazi ya upimaji, wakamrudishia ufagio. Alifagia maganda ya wenzake miaka minne, na kila Jumamosi ya majira ya baridi alipanda treni kuja Södertälje kunisafishia theluji mlangoni. Nilimsihi aache kampuni. Alisema akiondoka, hakuna atakayeuliza tena habari ya makoti.

Mwaka jana kampuni ilitangaza utaratibu mpya: risasi zote za walinzi zijaribiwe kwenye nguo za baridi. Waliuita hatua ya kujivunia. Nilipiga simu kuomba jina la Aristide litajwe. Niliambiwa kwamba huo ni utaratibu wa idara, si wa mtu.

Hotuba ya keki ilisema amefanya kazi bila doa. Hapana. Ana doa moja, na amelibeba peke yake ilhali lilikuwa la wengi. Tusimpunguzie heshima hiyo kwa uongo wa sherehe.

Kwa niaba ya walinzi ambao leo wanasimama kwenye njia ya risasi za wenzao bila kujua ni nani aliyewapigania, tunasema asante. Kapumzike na dada Josiane. Mungu awape afya, na usingizi usiokatika.

Nami nakuambia mbele ya wote, kaka: nilishakusamehe. Wale wengine bado hawajaniomba.