Mfupa Si Zege

Sogeeni wanangu, na wewe kitindamimba wangu uliyevunjika mkono ukafungwa plasta, kaa upande huu wa sikio linalosikia, maana ya leo ni yako kuliko ya wote. Moyo wangu umechoka, daktari kaniambia wazi, wala sina kinyongo naye.

Nyumba hii ni yenu nyote, asiuze mtu, na mama yenu akae chumba atakacho bila kuulizwa. Vyombo vyangu vya uashi, mwiko, timazi na pima maji, namwachia huyu binti, kitindamimba wangu, kwa sababu kati yenu nyote ni yeye tu ambaye ukuta wake haunitii aibu. Kaka zake mnune mkitaka.

Lakini sikiliza, mwanangu. Ugonjwa wa sukari umeurithi kwangu, na ujinga naona umeurithi pia. Jana nimekusikia ukimwambia mama yako wiki sita zinatosha, unaikata hiyo plasta urudi kazini. Hayo hayo niliyasema mimi! Nilianguka kutoka kipandio cha pili tu cha ngazi, mguu ukavunjika, na picha ikaonyesha mfupa mnene, nikatamba mtaa mzima. Daktari akanieleza kwamba mfupa kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa upya, ila sukari ikizidi mafundi wa ndani huzembea, mfupa wa zamani hubaki, unene upo, uimara hakuna, na ukivunjika huchelewa kuunga. Nikamcheka. Fundi wa miaka arobaini nifundishwe kujenga? Zege la dari hufunguliwa mbao siku ya ishirini na nane. Mguu nikaupa siku arobaini kwa heshima, nikaigonga plasta kwa mpini wa mwiko, ikaitika vizuri kama ukuta uliokauka, nikaikata kwa msumeno wa chuma. Hatua ya tatu, kah! Ukavunjika palepale. Aliyesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu alikuwa ananijua mimi.

Madaktari wakasema sitatembea tena. Miezi saba, wanangu! Nikapima sukari asubuhi na jioni, nikaacha soda niliyoipenda kuliko ndugu zangu, nikameza dawa bila kudanganya, nikazunguka uani nimemshikilia mama yenu, hadi siku moja nikampita nikamwacha nyuma. Ghorofa hii mnamoniuguzia niliijenga baada ya hapo, tofali kwa tofali, kwa mguu uleule waliokwisha kuukatia tamaa. Nimeshinda mimi!

Basi mkono huo utafunguliwa siku daktari atakaposema umeunga, si siku utakayoona kazi inachelewa. Kaka zako watakubebea tofali, na ole wao wakinung'unika. Sema unakubali. Usilie, sema.

Ngoja... nishikeni mabega, nataka kusimama. Niacheni bwana, kilichokwisha ni kifua, mguu haujakwisha. Hivyo. Haya, ondoeni mikono. Mnaona? Mwenyewe... Mungu awape mifupa ya kuwabeba, wanangu, na subira... ya kuingoja. Awape... kupendana. Sema sasa, binti yangu, nakusikia... Utangoja? Hata ikiwa miezi?

Ahsante, mama, binti yangu. Sasa nilazeni.