Kitambaa Cheusi kwenye Mguu Wangu

Haya, Bwana asifiwe, hata nyie mlioketi kule mwisho! Mimi ni Baba Tereza wa Diaca. Mguu huu niliosimama nao ulishakufa, ndugu zangu!

Nilijikata na jembe, hapa kwenye ugoko. Mke wangu akafungua vidonge vya rangi mbili, akanyunyiza ule unga kwenye kidonda, kama tunavyofanya sote. Wapi! Kikaoza. Kilinuka mpaka nzi wanageukia njiani! Mbuzi wangu wakahamia kwa jirani. Mnacheka? Mimi nililia. Wanangu wakawa wanakula nje, hawasemi kwa nini. Sindano nilichomwa mpaka nikinywa maji naogopa yatavuja. Nikamwomba Mungu anichukue.

Hospitali ya Mocímboa, daktari akasema mguu ukatwe. Mkulima wa mguu mmoja, ndugu zangu, watoto wake watakula nini?

Enfermera mmoja, muuguzi wa pale, akasema, "Daktari, tujaribu kwanza kitambaa hiki." Akanieleza: vijidudu vimejifunika ute, dawa inabisha hodi haifunguliwi. Kitambaa kina chembe za fedha, ile ya pete, ndogo hata jicho halizioni, zinapenya humo ndani. Zinaitwa nanopartikula. Jina refu kuliko zenyewe!

"Lakini baba, ukilowanishe kwa maji safi tu. Chumvi inaizima dawa."

Akaja mama mkwe na ndoo ya maji ya bahari. Mimi nimelala na homa. Akalowanisha kitambaa chote!

"Mama, umeua dawa!" enfermera akapiga kelele.

"Bahari imewaponya babu zako, mwanangu!"

Kilibaki kitambaa kimoja kabatini. Kimoja! Enfermera akanifunga nacho, nikageukia ukutani.

Walipofungua, ngozi nyeusi tii! Nikasema, "Kateni, basi."

"Ni fedha inaacha rangi, baba. Hebu nusa."

Nikanusa. Hakuna harufu! Chini ya ule weusi, nyama nyekundu, mbichi, inaota. Haleluya!

Lakini kitanda cha pili alilala kijana wa Awasse, kidonda kama changu. Kitambaa hakikuwepo tena. Walimkata. Nilimsikia akiuita mguu wake kama anaita mtu.

Basi namshukuru Mungu, ndugu zangu, na machozi haya msiniulize ni ya nini. Wewe unayeficha kidonda chini ya kanga, mtumaini Bwana, kisha nyanyuka. Mguu ninao, nitakusindikiza hospitali mwenyewe. Twende leo!