Maisha ya Bibi Kasome, Mkutubi wa Dawati la Riwaya

Waombolezaji wenzetu, mliopata viti na mliosimama, familia imemtuma binti wa marehemu, mfamasia, awasomee maisha ya mama yake, na kwa kuwa kazi yake imemfundisha kwamba nusu kijiko si kijiko, ameandika kila tarehe kama ilivyokuwa wala hakuongeza sukari.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bibi Kasome, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1967, akamaliza sekondari mwaka 1978, akasomea ukutubi kwa miaka miwili, na tarehe 3 Machi 1981 akaajiriwa katika maktaba ya mji, dawati la riwaya, kushoto ukiingia, alikokaa miaka thelathini na minane bila kuchelewa hata siku moja.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1987 na mpima ardhi, mtu mpole, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa binti huyu mwaka 1990 na mdogo wake wa kiume, fundi umeme, mwaka 1994.

Kazi yake ilikuwa kuwachagulia wanawake riwaya mpya, za mapenzi, za ndoa, za mkwe na mama mkwe, za dada wawili na mume mmoja, naye alizisoma zote kwanza, akaficha zilizo bora chini ya dawati zisichukuliwe na wapita njia, na mwanamke akija na lake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu, "Unataka kulia au unataka kuamua?", akainama, akatoa kitabu, akasema, "Kasome." Yupo mshonaji hapa, amekaa karibu na mlango, aliyepewa riwaya ya mke aliyepika miaka kumi, siku moja akazima jiko chakula kikiwa hakijaiva, akashika watoto mkono akaenda zake, naye mshonaji alikirudisha kitabu siku ya nne, sanduku mkononi, na mpaka leo anasema alizaliwa siku hiyo.

Ulimi wa marehemu haukuwa na mfupa, na hilo halifichwi hata leo, kwani mchumba wa mwanawe wa kiume alipoomba naye achaguliwe kitabu, aliambiwa, "Wewe anza na vya watoto, vina picha," na uchumba huo ulivunjika Aprili 2017.

Binti yake aliolewa tarehe 27 Juni 2015 na wakala wa bima, ambaye yuko nasi, mstari wa pili, shati la kijivu. Ijumaa tarehe 9 Machi 2018, saa tano na robo asubuhi, binti huyo alifika maktaba, jicho la kushoto limefumbwa na uvimbe, mtoto mgongoni, akapanga foleni nyuma ya mwanamke asiyemjua, akamsikia mama yake akimwambia yule mwanamke, "Mwanangu, kipigo hakizoeleki, kasome hiki, halafu fungasha." Zamu yake ilipofika hakuulizwa swali, alipewa kitabu kinene cha mke aliyevumilia miaka ishirini mpaka mumewe akaugua na kumwita kwa jina, na mama yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Kasome, na uwahi kwako kabla mumeo hajarudi kutoka kazini." Alisoma, akarudi, na amekuwa akirudi kwa miaka sita na miezi sita.

Marehemu alistaafu mwaka 2019, Januari 2023 akagundulika na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akisindikizwa na binti yake, na Jumamosi tarehe 21 Septemba 2024, wodini, kitanda namba sita, binti alimuuliza, "Mama, wale wote uliwaambia waondoke, mbona mimi ulinirudisha?" Marehemu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka, akajibu, "Wale nilikuwa nawapa kitabu tu, mwanangu. Wewe ningelazimika kukupa chumba." Kisha akaomba maji, na binti akampa.

Alifariki Jumatano tarehe 2 Oktoba 2024, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, akiacha watoto wawili na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa kumvumilia, majirani kwa maturubai na masufuria, na wakutubi wenzake waliombeba leo. Inatangaza pia kwamba chumba cha tatu cha nyumba yake, chenye riwaya elfu moja mia moja na arobaini, kitafunguliwa kesho Jumapili saa tatu asubuhi, kila mwanamke aje achukue anachotaka, hataulizwa chochote, maana kufikia jioni lazima kiwe kitupu, na Jumatatu asubuhi vinaingia vitanda vya binti na watoto wake. Mkwe wa marehemu anaipata habari hii sasa hivi, pamoja nanyi, na shemeji yake, fundi umeme, ameshabadilisha kitasa cha nyumba hiyo.

Pumzika kwa amani, mama. Nyumbani kwako kutakuwa na kelele za watoto.