Mapafu ya Kondoo na Kifua Changu

Bwana asifiwe, watu wa Mgori! Itikieni kwa nguvu, maana mwenzenu leo nina pumzi ya kuwashinda wote!

Ndugu zangu, mimi ni mama Neema, mnanijua. Mlinisikia nikikohoa ibadani hadi mchungaji ananyamaza kunisubiri. Nilikohoa damu. Siku moja shambani nilikohoa maji mengi ya chumvi, yenye vipande vyeupe kama ngozi ya ndani ya yai. Nikapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Nikakonda mpaka majirani wakaanza kunionea huruma usoni kabisa.

Daktari wa Singida mjini akaagiza nipigwe picha. Kumbe mapafuni nilikuwa na mifuko ya maji inayoletwa na minyoo ya mbwa! Mmoja ulishapasuka, na ndani yake ukaota ukungu, kama unavyoota kwenye mtama uliowekwa ghalani haujakauka. Magonjwa mawili, kifua kimoja! Akasema dawa nitapewa, lakini lazima nipasuliwe. Akanieleza kwamba mbwa huambukizwa akila mapafu ya kondoo yenye mifuko hiyo, kisha mayai ya minyoo hutoka na kinyesi chake, nasi tunayameza kwa mikono michafu.

Nyumbani hakuna aliyetaka kusikia. Mama mkwe alilia: "Mwanangu, mtu afunguliwe kifua halafu apone? Wewe umerogwa!" Mume wangu akamsikiliza mama yake. Ikaamuliwa achinjwe kondoo, wazee wasome matumbo, wamjue mchawi. Nami nimelala pale uani naomba kimoyomoyo: Yesu, usiache nife kwa ubishi wa watu wanaonipenda!

Ndugu zangu, Mungu wetu si wa mchezo! Baba mkwe alipofungua kifua cha kondoo, mapafu yalikuwa yamejaa mifuko ya maji, myeupe, imetuna. Naye kwa mazoea akayakata awarushie mbwa, maana kwetu mapafu mabovu ni fungu la mbwa. Mke wa mtu kumpigia kelele baba mkwe ni aibu kubwa, mnajua. Lakini nilisimama, nikapaza sauti: "Baba, usiwape! Hicho ndicho kilichomo kifuani mwangu!"

Matumbo hakuna aliyeyatazama tena. Mama mkwe akainama, akayaangalia yale mapafu, akaniangalia mimi. Kisha akamgeukia mwanawe: "Mpeleke mkeo akapasuliwe."

Haleluya! Mapafu yale yakachomwa moto na kufukiwa, nami nikapelekwa Dodoma. Madaktari wakatoa mifuko, wakatoa na ukungu. Nilipozinduka maumivu yalikuwa makali, siwadanganyi, lakini hewa iliingia hadi chini kabisa. Nililia kwa furaha! Mama mkwe ndiye aliyenilisha uji, na dawa alinisimamia kama askari hadi daktari aliposema sasa basi. Mbwa wetu nao wanapewa dawa ya minyoo, mapafu wanayasikia kwa jirani tu!

Namshukuru Mungu aliyeumba mikono ya wale madaktari. Mganga wangu ni Yesu, na kisu kile kilikuwa chake.

Na wewe uliyeambiwa upasuliwe, ndugu zako wakakataa, mtumaini Bwana, usife kwa hofu. Ibada ikiisha nifuate. Nitakuonyesha kovu langu, tutaomba, halafu tutapanda gari la Singida mjini, mimi na wewe.